Nati ya Pembe Nne

Landrova iliyolala wiki nzima bandani wakati wa mvua ina harufu yake. Ni petroli ya zamani, ni oili iliyoungua, ni mpira uliochoka, na kwetu Mwika ilichanganyika na maganda ya kahawa yaliyokuwa yakioza nyuma ya banda, maana Baba alilijenga banda la gari pembeni ya mashine ya kumenyea kahawa. Wapo watu wakisikia harufu ya petroli wanakumbuka safari. Mimi nakasirika. Nina duka la dawa za mifugo hapa Moshi mjini, nina mume na watoto wawili, na bado nikipita kituo cha mafuta asubuhi yenye ukungu nasikia taya linakaza lenyewe. Mume wangu huniambia nisamehe, hayo ni mambo ya utotoni. Yeye ni Mpare, hayajui ya kwetu, na mara nyingi namwambia hivyo hivyo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi. Landrova ilikuwa ya Babu, baba yake Baba, aliyekuwa dereva wa kushusha magunia ya kahawa mjini tangu Baba hajazaliwa. Macho yake yalipokufa alimkabidhi Baba funguo, mwenyewe Babu akahamishia kitanda chake chumba cha uani, ukuta mmoja na banda. Kila Jumamosi wanaume wawili walikuja na magari yao ya zamani kukaa na Baba. Mmoja alikuwa Mwalimu, aliyefundisha shule ya msingi pale kijijini, mwenye kigari cha mgongo wa kobe ambacho alikifuta vumbi kuliko alivyowafuta machozi watoto wake. Mwingine alikuwa Baba Elia, jirani wa mtaa wa chini, mwenye Landrova kama yetu, ya mwaka uleule, hata rangi ya kijani ileile. Mama aliwaita wazee wa skrepa. Walianza asubuhi kwa chai, mchana wakala kiburu cha ndizi na maharage, jioni wakashushia na mbege, na muda wote huo walikuwa wameinamia boneti tatu zilizo wazi, wakibishana. Sijawahi kuona wanaume wanaopendana vile. Mmoja akikosa pampu ya petroli, wawili wanashuka hadi Kwa Sadala kuitafuta kwenye vyuma chakavu, na wakiipata wanarudi wakiimba pambio.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa mmoja: gari la zamani libaki lilivyozaliwa, au lirekebishwe ili litembee? Baba alisema litembee, gari si picha ya ukutani. Mwalimu alikubaliana na aliyesema mwisho. Baba Elia ndiye alikuwa mkali. Alikuwa akisimama na kikombe cha mbege mkononi, anasema gari ukilibadilisha nati moja tu limeshakufa, unaendesha maiti. Na hapo alikuwa akimnyooshea kidole Baba, kwa sababu Landrova yetu ilikuwa na nati moja ya kigeni na wote waliijua. Mfuniko wa valvu juu ya injini unashikwa na nati tatu. Zamani moja ilidondoka njiani, Babu akafika nyumbani akang'oa nati ya pembe nne kwenye mashine ya kumenyea kahawa, akaifunga. Uzi wake haukulingana sawasawa, haikukaza mpaka mwisho, kwa hiyo injini ikiwaka mfuniko ulikuwa unagonga kidogo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

Babu aliipenda hodi ile. Baba alikuwa akiliwasha gari kila asubuhi, hata kama hatuendi popote, kwa sababu ya Babu tu. Mzee alikuwa akikaa kwenye kigoda nje ya chumba chake, uso ameuelekeza bandani, na injini ikishika anasema, "Karibu," kisha anacheka. Aliniita mchumba wake. Alinifundisha kusikia: hii ni feni, huu ni mkanda, hii ni hodi yetu. Aliniambia macho yalipokufa alidhani ameishiwa, kumbe bado ana kitu kimoja ambacho hakuna wa kumzidi. Na kweli, Baba Elia na Mwalimu wakishindwana juu ya mlio fulani walikuwa wakimfuata yeye. Anasikiliza, anasema ni bearingi ya mbele, wanafungua, wanakuta ni bearingi ya mbele.

Kipindi cha mvua za vuli Baba alipanda mti wa mruka kukata majani ya ng'ombe. Babu alimkataza, akamwambia mti umelowa. Baba akapanda, akaanguka, akavunjika mguu mahali pawili. Mama alimwambia palepale chini ya mti, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, halafu ndipo akaanza kulia. Baba akalazwa mjini. Kabla ya kuondoka alimpa Baba Elia funguo za Landrova, awe anapita kila asubuhi kumwashia mzee. Nani mwingine angepewa? Walikuwa wamebatizwa siku moja. Baba Elia alipita wiki mbili bila kukosa, kisha akamwambia Mama kwamba breki hazimridhishi, akalichukua gari kwake siku nne. Siku hizo ilikuwa imesikika kwamba msafara wa magari ya zamani kutoka nchi za nje utapita Moshi, na wenye magari ya zamani wa mkoani wanakaribishwa kuungana nao kupanda hadi Marangu. Landrova ya Baba Elia ilikuwa haiwezi kilima kile bila kuchemka. Hilo nililijua hata mimi, na sikulifikiria.

Gari liliporudi Babu alikuwa kwenye kigoda. Baba Elia akawasha. Babu hakusema karibu. Akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu, kisha akasema, "Hilo si gari langu." Baba Elia akacheka, akamwambia, "Meku, mzee wangu, ni gari lako, nimelifunga breki tu." Babu akarudia maneno yaleyale. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Mama akaanza kunong'ona na wanawake wenzake. Mwalimu alipokuja Jumamosi alimsikiliza mzee kwa adabu, halafu akatikisa kichwa kwa huzuni. Baba Elia ndiye aliyelisema, tena mbele yangu, kwamba mzee sasa nati zimelegea, tumvumilie. Aliyesema hivyo ni mtu aliyeifungua injini yetu kwa mikono yake, akaifunga kwenye gari lake, na kutuwekea sisi ile iliyomchosha.

Babu akaniita chumbani. Akanishika mkono, akasema, "Mchumba, wewe una macho. Kafungue boneti uniangalizie nati ya pembe nne kama ipo." Nikaenda. Boneti ya Landrova ile ilikuwa imebebeshwa tairi la akiba juu yake, na mtoto wa miaka kumi hawezi kuinyanyua. Nilijaribu mara moja. Baba Elia alikuwa akinawa mikono bombani, akaniuliza natafuta nini, nikamwambia. Akasema, "Ipo, mama. Mwambie babu yako umeiona, apumzike." Akanipapasa kichwa. Akaniambia pia kwamba siku ya msafara nitakaa mbele kwenye gari lake, mimi na Elia. Nikarudi chumbani. Ningeweza kusema sikuweza kufungua. Ningeweza kusema nimeambiwa ipo. Nikasema, "Babu, nimeiona. Ipo."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Si kweli, njia ya mwongo inaweza kuwa ndefu kama maisha ya mtu. Babu akaniachia mkono, akasema, "Basi ni mimi." Hakutoka tena kukaa kwenye kigoda. Injini ikiwashwa alikuwa akijifunika blanketi. Mtu ambaye alitutambua wote kwa nyayo akaanza kuuliza, huyu ni nani, na ukimjibu anauliza tena, una hakika? Hakuwa amepoteza akili. Alikuwa ameacha kuziamini, kwa sababu sisi wote tulimwambia asiziamini, na mimi ndiye niliyekuwa shahidi wa mwisho. Na msafara ulipopita nilikaa mbele, nikapunga mkono, nikasikia hodi ya kidole kimoja kilima chote cha Marangu, na kwa sababu nilikuwa na furaha nikajiambia magari ya aina moja yanafanana milio.

Babu alifariki wiki chache baadaye. Baba alikuwa ameshatoka hospitali, anatembelea magongo, na alitaka mzee apandishwe nyumbani kwa gari lake mwenyewe kutoka chumba cha maiti mjini. Mwalimu akaendesha, Baba akakaa mbele, jeneza nyuma, nami na Mama pembeni yake. Tulipoanza kupanda, Landrova ikatoa moshi wa bluu, kisha ikachemka, ikazima na maiti ndani. Baba Elia akatupita kwenye msafara wa waombolezaji, gari lake linapanda kama limeshushwa melini jana, na likapita karibu nami likibisha hodi. Baba akashuka na magongo yake, akaamuru tairi litolewe na boneti inyanyuliwe waongeze maji. Niliona anavyotazama. Nati tatu, zote za pembe sita. Aliinua macho akaangalia kilima gari la Baba Elia lilikopotelea, halafu akasema leteni maji. Tulimzika Babu na Baba hakufungua mdomo.

Siku ya nne Baba Elia, aliyekwisha kusikia kwamba boneti ilifunguliwa njiani, alikuja na wazee wawili, ameshika isale. Kwetu, jani la isale likifungwa fundo na kuletwa kwa uliyemkosea, anayeletewa hawezi kulikataa. Akilikataa, laana inamrudia yeye. Mchungaji wetu hakuwahi kulihubiri wala kulikemea, alilijua tu. Baba Elia alipiga magoti kwenye matope. Alisema shetani alimpitia, alitaka kuazima kwa siku ile moja ya msafara, kisha aibu ikamzuia kurudisha. Baba akanyoosha mkono akalichukua jani, wazee wakasema yamekwisha, mbege ikaletwa. Na kwa kuwa yamekwisha, Baba aliona ni aibu kudai injini, na Baba Elia, kikulacho ki nguoni mwako, aliona ni vizuri isidaiwe. Hakuna aliyelitaja jina la Babu. Nilisimama mlangoni na sinia la vikombe, nataka kupiga kelele kwamba jani hili limeletwa kwa mtu asiye mwenyewe, mwenyewe tumemfukia juzi akiwa anaamini amechanganyikiwa. Sikupiga, kwa sababu ningeulizwa, na wewe ulimwambia nini?

Baba hakuwasha Landrova tena. Iko bandani mpaka leo, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Jumamosi zikafa. Sasa wenye magari ya zamani wamekuwa wengi, vijana wa Moshi na Arusha, wana kundi la WhatsApp, fulana za aina moja na mikutano uwanjani. Wanafungua boneti, wanapiga picha, wanafunga, wanaweka muziki. Sijaona hata mmoja anayewasha injini, akanyamaza, akasikiliza. Mwaka huu mtoto wa kaka yangu, aliye kwenye kundi hilo, alinitumia video ya mzee mmoja wanayemwita profesa, anayesifiwa kwamba gari lake ni orijino asilimia mia. Nilikuwa dukani nampimia mteja dawa ya kupe. Simu ikabisha hodi kwa kidole kimoja. Nilimwambia mteja arudi kesho, nikafunga duka.

Nilimkuta uwanjani amezungukwa na vijana, amezeeka, anawaambia gari ukilibadilisha nati moja limeshakufa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitambua, akatabasamu. Nikawaomba vijana wanyanyue boneti. Ilikuwepo. Imepakwa rangi nyeusi ionekane kama wenzake, lakini pembe ni nne. Nikawauliza vijana hiyo ni nati ya kiwanda gani. Wakaitazama, wakamtazama yeye. Baba Elia akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hayo tuliyamaliza. Baba yako alipokea isale." Nikamwambia, "Baba alipokea. Babu hakupokea." Akasema nilikuwa mtoto, huenda sikumbuki vizuri. Hapo nikamwelewa kabisa: mzee hasikii vizuri, mtoto hakumbuki vizuri, anayejua ni yeye tu aliye katikati. Nikaomba spana, ile ya kurekebisha mdomo ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kulitaja mbele ya Mama. Kijana mmoja akanipa. Baba Elia akasema oili itavuja. Nikamwambia ivuje.

Jioni hiyo nilipanda Mwika na nati mkononi. Kaburi la Babu limezungushiwa masale, yamerefuka kunipita. Nikakata jani moja, nikalifunga fundo, nikapiga magoti nalo, maana wa pili kumkosea ni mimi na sijawahi kumletea. Hasira kwa Baba Elia sikuiacha pale, nilirudi nayo mjini na ninayo hadi leo. Nikaweka jani, nikaweka nati juu yake. Nikasema, Babu, shikamoo, siku ile sikufungua boneti. Haikuwepo. Ulisikia vizuri.