Mbwa, Mlango wa Vioo na Shemeji

Kituo kinachofunza mbwa wa kuwaongoza wasioona kimetamka, na tamko lake limebandikwa mlangoni kwa maandishi ya nukta ili tusipate kisingizio, kwamba mtu akishakabidhiwa mbwa hatategemea tena mkono wa jamaa. Nililipapasa tamko hilo taratibu, kama mtu anayesoma barua ya posa. Mkono niliokuwa nikiutegemea ni wa shemeji, mke wa kaka yangu. Kila asubuhi alinishika kunipeleka kazini, na njia nzima alinieleza makosa ya majirani na yangu, yangu yakichukua sehemu kubwa ya safari.

Kazi yangu ni kupokea simu katika jengo lenye ofisi nyingi. Mali yangu ni sauti. Anayeisikia hudhani mimi ni mrefu na nina majibu. Ni sauti laini ya kumwambia mtu asubiri kidogo, naye hutulia, kwa kuwa hajui kwamba anayemtaka ametoka kitambo kwenda kunyolewa.

Mbwa niliyepewa ni jike, na kituo kilikuwa kimeshampa jina: Shupavu. Nadhani ni kumwonea tu. Kijiko kikianguka jikoni, Shupavu anainamisha kichwa kama aliyekiangusha. Shemeji akipiga chafya, Shupavu yuko chini ya meza.

"Huyu si mwoga," alisema mwalimu wake, dada mpole aliyekuwa akija kutufunza sote wawili. "Ana hisia nyingi tu."

"Na huyo anayemshika naye ana hisia nyingi," shemeji alidakia kutoka jikoni. "Sasa nani atamvusha mwenzake?"

Barabarani Shupavu alikuwa hodari. Alinipitisha kando ya mashimo, baiskeli na watu wanaosimama kuongea katikati ya njia. Shida ilikuwa mlango wa jengo letu, wa vioo, unaofunguka wenyewe. Siku ya kwanza ulifunguka, tukaingia, ukajifunga kabla mkia haujamaliza kuingia. Mkia haukuumia sana. Lakini tangu hapo, tukifika pale, Shupavu alilala chini kama gunia la mchanga, nami nikabaki nimesimama na tai yangu shingoni, watu wakitupita na kutupa habari za asubuhi kwa sauti ya matanga.

Mwalimu hakunificha. Mkaguzi wa kituo angekuja kututazama, na mbwa akigoma mbele yake, basi. Atarudishwa, atafutiwe nyumba ya kufugwa tu, nami nirudi kwenye mkono wa shemeji. Nami nilikuwa nimeshamzoea Shupavu. Nikiwa napokea simu, huweka kidevu juu ya kiatu changu.

Basi nikamtia moyo kwa kipaji changu pekee. "Twende mama. Hakuna kitu. Tulia." Kadiri nilivyomtuliza ndivyo alivyotetemeka.

"Hiyo sauti," mwalimu akauliza, "huwa unaitumia lini?"

"Kazini."

"Na nyumbani?"

Nikafikiri. Nyumbani huitumia nikiwa naogopa: nikisubiri sindano, au shemeji akiuliza nani amemaliza sukari.

"Ndiyo hivyo. Ukianza kuongea namna hiyo, anajua kuna baya linakuja."

Wanaopiga simu hawajaligundua hilo mpaka leo.

Dawa tuliipata kwa bahati. Shemeji ana ugonjwa wa kuhamisha viti. Asubuhi moja nikajigonga ugoko kwenye stuli iliyolala dirishani ikaamkia mlangoni, nikatoka nikichechemea na kunung'unika. "Mtu ana macho mawili mazima, stuli anamwekea njiani asiye na hata moja. Eti hewa ipite. Hewa inakalia stuli?" Nilikuwa bado nalalamika nilipogusa meza yangu ya simu. Tulikuwa tumeshapita mlangoni, na mkia wa Shupavu ulikuwa ukinipiga mguuni kwa furaha.

"Hapo ulikuwa wewe mwenyewe," alisema mwalimu, aliyekuwa ametufuata nyuma.

Si jambo dogo, mtu mzima kuambiwa kwamba nafsi yake ya kweli ni ile inayomsengenya shemeji. Lakini nilikubali kwa ajili ya mbwa. Tangu hapo kila asubuhi tulifanya mazoezi ya kusengenya, na mwalimu aliyaita kujenga hali ya kujiamini.

Siku ya mkaguzi ilipofika, shemeji akavaa viatu. "Nimekusindikiza miaka yote. Siku ya kunifukuza kazi ndiyo nisiwepo?"

Tukafika mlangoni. Kando yangu mwalimu, nyuma yangu viatu vya mkaguzi vinalia, nyuma yake bangili za shemeji. Nikafungua mdomo nimseme, mdomo ukagoma. Kumsema mtu akiwa mgongoni mwako kunataka ujasiri, na mimi ndiye niliyekuwa namfunza mwingine ujasiri. Ikatoka sauti ya kazini. Shupavu akalala.

Kisha bangili zikalia.

"Shemeji, ile redio yako kuukuu. Jana nimeitupa."

"Umeitupa?"

"Ilikuwa inafuga vumbi."

"Redio ya marehemu baba? Wewe mwanamke, umeanza na stuli, sasa umefika kwenye urithi..." Nilisema mengi, yote kutoka rohoni. Niliponyamaza kuvuta pumzi nilikuwa ndani ya jengo, mlango umejifunga nyuma yetu, na mkia wote umeingia.

Mkaguzi akauliza kama hizo ndizo amri za kituo.

"Zimerekebishwa kidogo," mwalimu akajibu, "kulingana na mtumiaji."

Jioni nikapapasa rafu. Redio ilikuwa mahali pake, imepanguswa vumbi.

"Hukuitupa," nikasema.

"Niitupe niende wapi? Osha mikono, chakula kinapoa."

Shupavu alifaulu. Sasa tunakwenda kazini wawili tu, na hakuna anayenishika mkono. Kaka alihamishiwa mji mwingine, shemeji akaenda naye, na stuli zinalala nilipoziweka na kuamkia hapo hapo. Kila asubuhi, kabla hatujatoka, nampigia shemeji simu, naye hunitafutia neno la kunikera.