Ya Kufuga na ya Kuchinja

Mzee Alistides Rugemalira wa Nyakakika hakuwa na desturi ya kumwangalia ng'ombe mara mbili. Hilo alilisema mwenyewe, na alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mnadani wafugaji walimvuta pembeni, wakamwonyesha mtamba au dume, naye akasimama mikono nyuma, fimbo kwapani, akamtazama mnyama kwa muda wa mtu kupiga chafya, kisha akatoa hukumu. Hukumu zake zilikuwa mbili tu: wa kufuga, au wa kuchinja. Aliyeomba ng'ombe wake aangaliwe tena aliambiwa kwamba macho ya Alistides hayarudi nyuma.

Ni kweli kwamba alipatia mara nyingi. Ni kweli pia kwamba alipokosea hakuna aliyejua, kwa sababu aliyehukumiwa kuchinjwa alichinjwa, na nyama haijitetei.

Kisha akaja Gaaju. Huyu alikuwa jike wa rangi ya kahawia mwenye pembe ndefu, na mzee alimnunua kwa ajili yake mwenyewe, akatangaza mnada mzima usikie kwamba ng'ombe huyu ni mpole kama sista wa parokia. Wiki hiyohiyo, wakati wa kukamua, Gaaju alirusha mguu wa nyuma mara moja tu, ukamvunja mzee muundi. Alirudi kutoka hospitali amefungwa hogo jeupe la plasta kuanzia kidole mpaka goti, akakalishwa barazani. Watu walipokuja kumpa pole walimuuliza, kwa heshima zote lakini kwa macho yanayocheka, habari za yule sista. Mzee akawajibu kwamba Gaaju hakumpiga teke mtu. Alikuwa anafukuza nzi. Hakuna aliyeamini, mkewe Stephania akiwa wa kwanza kutoamini, ila walinyamaza, maana mtu aliyevunjika mguu haongezewi maumivu.

Binti yake Kobugabe, aliyekuwa na cherehani yake Nkwenda, alifunga kibanda akarudi nyumbani kumuuguza. Alimfulia, alimpikia uji, alimletea maji ya kunawa. Hakumlaumu kwa lolote, na hapo ndipo mzee alipokosa raha, kwa sababu alijua binti ana la kumlaumu.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Miezi michache kabla ya teke, kijana mmoja wa Nkwenda aitwaye Hagenimana alikuja kujitambulisha. Alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, babu yake alitoka Burundi zamani, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache na viatu safi. Akaingia langoni, akavua kofia, akaamkia shikamoo kama inavyotakiwa. Kulia kwake kundi zima la ng'ombe lilikuwa limesimama, pembe tupu, mahali ambapo mgeni yeyote mwenye akili husimama, akatazama, akauliza yule mweusi amezaa lini. Hagenimana akageukia kushoto. Akaitazama migomba ya Stephania nyuma ya jiko, akasema ni mizuri, ila machipukizi ni mengi mno, yapunguzwe.

Alisifia migomba, mbele ya ng'ombe. Hukumu ilitoka kijana hajakaa: wa kuchinja. Maziwa aliyoandaliwa akanywa paka.

Stephania alimuuliza mumewe usiku huo kama tatizo ni Burundi. Mzee akakasirika sana, akasema yeye hambagui mtu kwa alikotoka. Stephania akamkumbusha kwamba nyanya yake mwenyewe alivuka mto Kagera na mkeka kichwani, akitokea Rwanda. Mzee akasema hilo analijua, na kwamba huyo nyanya alipofika aliuliza kwanza habari za ng'ombe. Mjadala ukaishia hapo. Lakini Kobugabe alimpenda Hagenimana, na hakutaka kuolewa kwa kutoroka kama mtu aliyeiba kuku. Hagenimana naye alikuwa na heshima yake: alisema hawezi kurudi kwenye nyumba iliyomfukuza mpaka aitwe. Basi mambo yote yakabaki yananing'inia kwenye neno moja la mzee, na mzee alishasema macho yake hayarudi nyuma.

Oktoba ikaingia, na mvua, na msimu mpya wa anime. Kobugabe alikuwa mgonjwa wa katuni hizi za Kijapani tangu shule, na alikuwa katika kundi la WhatsApp la wagonjwa wenzake wa Karagwe na Kyerwa. Kila msimu ulipoanza, wanakundi waliangalia kipindi cha kwanza cha kila katuni mpya, kisha wakahukumu: naendelea, au naacha. Mkuu wa kundi, Projest, mwalimu wa Bweranyange, aliandika maoni marefu kama barua ya kichungaji juu ya uchoraji na muziki, na wenye kumjua walisema huyaandika kabla hajaangalia.

Kobugabe aliangalia barazani karibu na baba yake, simu ikiwa imeegemezwa kwenye birika, chaji ikitoka kwenye sola. Mzee alianza kwa kutazama mbuga. Baadaye akatazama mbuga kwa jicho moja. Siku ya tatu akamwambia binti amfafanulie wanachosema, maana maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza na yeye hakuwa na habari nacho.

Katuni ya kwanza ilikuwa ya kijana aliyegongwa na lori, akafa, akaamka katika nchi nyingine ana upanga. Mzee aliiangalia mpaka mwisho, akatoa hukumu bila kuombwa. Kijana amekufa, alisema, hakuna msiba, hakuna hata jirani aliyekuja na kuni, na chai haijapoa tayari ana wasichana wanne. Huyu hana ukoo. Ya kuchinja.

Kobugabe alicheka mpaka akashika mbavu, akamwomba arudie ili amrekodi. Sauti ikaenda kundini, na kundi likachizika. Kesho yake wakaomba nyingine. Mzee akahukumu katuni ya wanafunzi waliopigana darasani kwa radi na moto: mwalimu haonekani, wazazi hawajaitwa, shule hiyo ifungwe. Ya kuchinja. Akahukumu ya msichana mwenye nywele za bluu, akataka kujua kwa nini mama yake hajauliza. Ya kuchinja. Moja tu ilipona, ya mzee aliyekula wali kimya na mbwa wake pembeni, kwa sababu mbwa alikuwa na kifua kizuri. Hiyo ilikuwa ya kufuga.

Basi hapo ndipo kichwa kilipovimba kuliko mguu. Vijana ambao hawajawahi kumkamua hata mbuzi wakaanza kumwita Jaji. Wengine wakaacha katuni waliyokuwa wanaipenda, kwa sababu Jaji wa Nyakakika kasema. Projest alinung'unika kwamba uhakiki una kanuni zake, lakini msimu huo barua zake hakuna aliyezisoma. Mzee akawa anaamka, ananawa, ananyoosha kola, anauliza leo wameleta nini, kama vile Wajapani wanaswaga katuni zao kwa miguu mpaka langoni kwake.

Katikati ya utukufu huo ikaja katuni ya mwezekaji. Kijana mmoja anafika kwenye kijiji cha milimani, na ngazi begani. Watu wanamsalimia, hajibu. Wanamuuliza jina, anaangalia chini. Anakaa kando ya kisima mpaka giza linaingia, na kipindi kinaisha. Mzee alikuwa amekasirika kabla ya muziki wa mwisho. Alisema amefika kwa watu, ameamkiwa, hajaitika, na mtu asiyeitika salamu hana cha kumfundisha mwingine. Ya kuchinja, na ngozi itupwe. Sauti ikaenda, kundi likapiga makofi ya vidole.

Wiki ikapita. Mzee alikuwa anakula ndizi za ebitoke na maharage, akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama yule kijana wa ngazi aliitika hatimaye. Kobugabe akamjibu bila kuinua macho kwamba hajui, si ilishachinjwa. Mzee akasema kweli, ilishachinjwa, akaendelea kula.

Lakini jioni ile mama na binti walijifungia jikoni na simu. Mzee barazani akasikia Stephania akicheka. Halafu akasikia kimya. Halafu akamsikia Stephania, mwanamke ambaye hakulia hata siku ya harusi yake, akivuta kamasi. Hilo lilimuuma mzee kuliko muundi. Mtu anaweza kuvumilia mguu, lakini kuachwa nje ya jambo linaloendelea ndani ya nyumba yake mwenyewe ni adhabu nyingine.

Wiki iliyofuata Stephania alitoka jikoni kumwaga maji ya vyombo, akamkuta mumewe nyuma ya jiko, katikati ya ile migomba ya ugomvi, amekaa kwenye kigoda, gongo lake la kutembelea limelala kwenye tope, hogo jeupe limenyooshwa mbele, sikio limebandikwa ukutani. Hakuna aliyejua amefikaje pale kwa mguu mmoja. Stephania alimtazama kwa muda, beseni mkononi, kisha akamwambia taratibu, "Mficha uchi hazai, Baba Kobugabe. Ingia ndani."

Akaingia. Kobugabe hakumcheka. Alirudisha katuni mpaka kipindi cha pili, akamfafanulia kila neno. Kijana anapanda juu ya paa la mjane mmoja, analiezeka upya, anashuka, anaondoka hajasema kitu. Kipindi cha tatu mjane anamfuata mpaka kisimani, anamwambia mimi si mtoto, siwezi kukucheka. Ndipo kijana anafungua kinywa, na lafudhi yake ni ya mbali, ya watu wa upande mwingine wa milima. Alipopita kijiji cha kwanza walimwigiza, watoto kwa wazee, kila alipoamkia. Ndiyo maana alipofika hapa alinyamaza.

Mzee aliona haya, na haya hiyo ilimshika vibaya kwa sababu hakuwa ameizoea. Mwisho akasema kwamba huyu kijana alihukumiwa mapema.

"Na nani, Taata?" Kobugabe akauliza.

Mzee akadai watu wengi. Binti akamsogezea simu, akamwambia basi awaambie hao wengi. Hapo mzee akakumbuka mnada, akakumbuka fimbo kwapani na miaka yote ya kutorudi nyuma, akauliza gongo lake liko wapi. Stephania akamwambia gongo limelala kwenye tope na hakuna anayelifuata. Basi akanyoosha kola, akakohoa, akaiambia simu kwamba ile katuni ya mwezekaji, Alistides Rugemalira aliiangalia mara moja, na mara moja haikutosha. Isichinjwe. Ifugwe. Kundi likalipuka. Wengine walifurahi, wengine walisema Jaji amehongwa, na Projest akaandika kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Mzee alikuwa bado anapangusa jasho wakati binti yake alipozungumza tena. Hakuinua sauti.

"Hagenimana naye alikuja mara moja tu, Taata."

Mzee alitazama mlango, akatazama mguu wake, akatazama simu, na hakuna kati ya vitu hivyo kilichomsaidia. Mwishowe akasema kijana aitwe Jumapili baada ya misa. Akaongeza haraka kwamba hajabadilisha neno lolote. Anaangalia kipindi cha pili, basi.

Jumapili Hagenimana akaja na viatu vilevile safi. Ilionekana kwamba amefundwa, maana alivuka lango, akaamkia, kisha akageukia kulia moja kwa moja, akasimama mbele ya kundi. Alitazama pembe. Alitazama migongo. Mzee, kwenye kiti chake, alijikuta ameinama mbele akisubiri. Kijana akafungua kinywa. Upepo ukapita nyuma ya jiko, majani yakalia, na shingo ya Hagenimana ikageuka yenyewe.

"Mzee," alisema kwa furaha ya kweli, "machipukizi mliyapunguza. Angalieni shina lilivyonenepa."

Stephania akafunga macho. Neno lilimpanda mzee kifuani, likafika kooni, likagonga meno. Alilizuia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akamtazama kijana akirudi nyuma hatua moja ili aione migomba vizuri, na kwa hatua hiyo akamkaribia Gaaju.

Teke lilikuwa safi. Hagenimana akaenda chini kwenye samadi, suruali ya kanisani na yote. Kobugabe aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kijana aliinuka polepole, akajaribu paja kama bado linafanya kazi, akajipangusa pale palipopanguseka. Kisha akaweka kiganja mgongoni mwa Gaaju, akamgeukia mwenye nyumba kwa uso wa mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mwingine.

"Hakukusudia, mzee," alisema. "Alikuwa anafukuza nzi."

Mzee Alistides alimtazama binti yake, aone kama na hili amelifundisha. Kobugabe alikuwa anatazama bati la paa, midomo imebanwa. Mzee akaona hana haja ya kujua. Tangu siku ile ya muundi alikuwa akimsubiri mtu mmoja, katika Karagwe nzima na Kyerwa yake, atakayesema maneno hayo, na hakuna aliyeyasema, hata mke wake wa ndoa. Akanyoosha kola.

"Mama Kobugabe," alisema, "mletee mwenzangu maziwa. Na kiti chake kiweke upande ule, aione migomba."