Sauti ya Dana

Verna Kubiak alikuwa na sauti mbili, nami niliyepanga ghorofa ya juu nyumbani kwake nilizijua zote. Ya kwanza ilikuwa ya kumfokea paka na kulaani timu yake ikifungwa. Ya pili aliivaa kazini pamoja na visikilizio vya kichwani, katika ukumbi usio na madirisha nyuma ya duka la matairi, ambako wanawake wa mji wetu walipiga simu kuuliza watu watampa nani kura ya urais. Sauti hiyo haikupanda wala kushuka, na Verna aliionea fahari.

"Mtu akijua unachotaka kusikia, atakupa hichohicho," aliniambia. "Mimi nasoma tu. Hata mama yangu hajui nampigia nani kura."

Wisconsin ni moja ya majimbo machache yanayoamua rais wa Marekani, kwa hiyo msimu wa uchaguzi hutuvamia kama nzi. Simu inalia ukiwa zizini, ukiwa msibani, ukiwa chooni. Watu wa Washington wanataka kujua tumepanda au tumeshuka asilimia ngapi, na kura zikishahesabiwa hawakumbuki kwamba tupo. Verna aliyavumilia hayo yote kwa sababu aliamini kuuliza ni kazi safi. Mtu anaulizwa, anajibu, basi.

Oktoba ile karatasi ya maswali ilibadilika. Aliisoma mara mbili, akamwendea msimamizi wao, kijana aitwaye Trent.

"Trent, hili si swali."

"Lina alama ya kuuliza, mama."

"'Kama ungejua kwamba mgombea huyu ana mpango wa kufunga nyumba za wazee vijijini, je, hilo lingekufanya umwamini zaidi, au upunguze imani?' Mpango gani? Nani kausema?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana tumeweka 'kama'." Trent alikuwa anakula chipsi, na aliendelea kula. "Mteja anataka kuona watu wanasemaje. Wewe soma, Verna. Hakuna anayesoma kama wewe."

Akasoma. Wiki nzima alisoma, kwa sauti ile nzuri, akijitambulisha kwa jina la kazini walilompa ili wakorofi wasimfuate nyumbani: Dana.

Ijumaa tukaenda kwenye baa ya pembeni mwa kanisa kula samaki wa kukaanga, kama mji mzima ufanyavyo. Mezani kwetu alikaa Norbert Delveaux, mfugaji mstaafu, jirani ya Verna tangu ujana. Mkewe, Rosella, alikuwa amepoteza kumbukumbu. Msimu wa baridi uliopita alitoka na gauni la kulalia kwenda kukamua ng'ombe waliokwisha kuuzwa, wakamkuta zizini vidole vimekuwa vyeusi kwa baridi. Baada ya hapo Norbert alisubiri sana kitanda kwenye nyumba ya wazee ya pale mtoni, na alipokipata alilia mbele ya kila mtu.

"Jumatatu namtoa Rosella," alisema, akikamulia samaki wake limau.

Verna akashusha uma. "Unamtoa unampeleka wapi?"

"Nyumbani. Wanafunga kule. Heri nimtoe mwenyewe kuliko atupiwe mizigo yake kwenye theluji."

"Kitanda kile ukikiacha hukipati tena, Norb! Na wewe unalala kama gogo, nani atamlinda? Nani kakwambia wanafunga?"

"Watu wa kura za maoni. Alinipigia mama mmoja, Dana. Mstaarabu kweli, si kama hawa wa televisheni wanaobweka. Huyu hakunishawishi kitu. Aliniuliza tu."

Nilimwona Verna akibadilika rangi. Kila siku kazini aliwasikia mamia ya watu wakimjibu neno mojamoja. Norbert alikuwa amepita masikioni mwake bila yeye kumtambua.

"Ni uongo," alisema. "Uongo mtupu, Norb. Niamini mimi."

"Nikuamini wewe? Ukoo wenu mzima ni chama cha huyohuyo mgombea anayetaka kufunga!"

Meza ya jirani ikalipuka kwa kicheko. "Verna kaanza kampeni! Mleteeni kipaza sauti!"

"Mnyamazishe kwa brandi, Norb, atakuomba mchango sasa hivi!"

Verna alisogeza sahani, akakaa wima, akaweka mikono mapajani. Kisha sauti ya pili ikatoka, bapa, taratibu, haina upande.

"Habari za jioni. Naitwa Dana, napiga simu kuhusu maoni ya wakazi wa Wisconsin. Kama ungejua kwamba nyumba ya wazee ya mtoni haifungwi, na hakuna aliyewahi kusema itafungwa, je, hilo lingekufanya umwache mkeo hapo, au umtoe?"

Uma wa Norbert ulibaki hewani.

"Nimwache," alijibu, kama mtoto darasani.

"Asante kwa muda wako, bwana."

Norbert akaweka uma mezani. "Nilikwambia Mungu akubariki," alisema. "Siku ile, kwenye simu. Nilikwambia."

Akavaa kofia na kuondoka, samaki hajaguswa. Verna alilipia sahani yake.

Rosella bado yuko kwenye kitanda chake. Norbert siku hizi anakula samaki wa Ijumaa kwenye baa ya mji wa pili. Jumatatu Verna alimrudishia Trent visikilizio, akaacha kazi, na wiki hiyohiyo gazeti likaandika kwamba mgombea ameshuka jimboni kwetu kwa sababu wakulima "wana wasiwasi kuhusu matunzo ya wazee." Alilitumia kutandikia choo cha paka.

Siku chache kabla ya kura, simu ya nyumbani ililia. Toka ghorofani nilimsikia akipokea, akisikiliza, kisha sauti yake ya kwanza ikapasua nyumba:

"Eti unaitwa Dana? Dana gani wewe, mwanaharamu!"