Kilima cha Koko, Saa ya Kuwasha Moto

Kuna Jumapili moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na nikiifikiria hadi leo nacheka kwanza, kisha nanyamaza. Nilikuwa kijana mwenye kamera mpya, au tuseme mpya kwangu, maana niliinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anarudi mkoani kwao. Butembo nzima nilijiona ni mimi tu ninayejua kupiga picha. Niliitundika shingoni hata nilipotumwa kununua chumvi. Usinicheke sana, nawe na simu yako nakuona.

Siku zile nyanya yangu, mama wa baba, ambaye sote tulimwita Koko, alikuwa ameteremshwa kutoka milima ya Lubero kuja kukaa Beni, kwa baba yangu mdogo, kule mtaa wa Mulekera. Babu alikuwa amefariki, miguu ya Koko ilikuwa imeanza kuvimba, na watoto wake wakakubaliana kwamba hawezi tena kuishi peke yake kule juu. Walikubaliana wao. Yeye alikuja na mzigo mmoja uliofungwa kwa kitenge, akauweka kando ya kitanda, akakataa katakata kuufungua. Kila asubuhi aliubeba mpaka barabarani, akaketi juu ya kigoda, mzigo magotini, akawauliza madereva wa malori ya viazi kama wanapanda juu leo.

Mwanzoni baba mdogo aliona aibu kwa majirani. Baadaye aibu ikaisha, ukabaki uchungu, kwa sababu Koko alikuwa anakula kidogo sana na nguo zilianza kumpwaya. Nilipowatembelea, baba mdogo alinivuta pembeni akaniambia, "Tukimurudisha, atakufa kule yeye moja. Na kama hafungui ule muzigo, atakufa hapa, mbele yetu. Donc tufanye nini?" Mtu mzima akikuuliza swali la namna ile, na macho yake yamejaa maji, kamera shingoni inakuwa nzito ghafla.

Koko mwenyewe aliniita nikae karibu naye. Alikuwa akiniita bwana yangu, kama nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nakimbia kwa aibu akiniita hivyo mbele ya wenzangu. Akaishika kamera, akaigeuzageuza.

"Bwana yangu, hii apareyi yako inaweza kuniletea kilima yangu?"

"Kilima gani, Koko?"

"Yangu. Ile ya nyumbani."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo, na kweli niliamini ni dogo.

Basi Jumamosi nikapanda lori hadi Lubero, na kesho yake ndiyo Jumapili ninayokusimulia. Niliamka nikakuta ukungu umefunika kila kitu, nikarudi kulala, maana nilidhani picha nzuri ni ya jua kali. Saa sita nikapanda mahali pa juu karibu na kanisa, ili kilima chote kiingie, pamoja na njia, mashamba na mistari ya mikaratusi. Lakini misa ilikuwa imetoka, na habari ilikuwa imeenea kwamba mjukuu wa Koko amekuja na kamera. Unatujua sisi. Kamera ikitokea, mtu anakimbia nyumbani kuvaa koti. Wakaja wote, wamevaa vizuri, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, wakajipanga mstari mbele ya kilima, mikono imenyooka, hakuna anayecheka, maana kwetu mbele ya kamera mtu hachekicheki ovyo. Walitaka Koko awaone wakiwa na heshima zao. Nikapiga, nikashukuru, nikateremka nikijisifu njia nzima.

Picha zilipotoka nikampelekea. Alichukua moja, akaileta karibu na macho, akaipeleka mbali, akairudisha karibu. Jua la saa sita lilikuwa limewatia watu wote mashimo meusi mahali pa macho, na kilima nyuma yao kilikuwa cheupe kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

"Hawa bote," aliuliza, "bako ku kilio ya nani?"

Baba mdogo alijiziba mdomo asicheke kwamba nimeleta picha ya matanga. Mimi sikucheka. Nilimweleza kwamba hao ni majirani, wanamsalimia, na kilima chake ndicho hicho nyuma yao.

"Hapana," akasema. "Hii ni kilima ya mutu mwingine."

Nilikasirika, mwanangu, sikufichi. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia safari nzima, nimelipia filamu, nimelipia kusafishiwa picha, halafu mtu ananiambia nimemletea kilima cha mtu mwingine! Nikaanza kumwonyesha kwa kidole: njia hii hapa, kanisa hili hapa, miti hii hapa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza ilikuwa saa ngapi.

"Saa sita, Koko. Jua ilikuwa nguvu."

"Mais bwana yangu, saa sita mimi niko mu shamba, naangalia udongo. Kilima nitaiona na macho gani?" Akanitazama. "Na wewe ulisimama wapi?"

"Juu, karibu na kanisa."

"Mimi nilikuwaka nakaa mu kanisa?" Hapo baba mdogo alishindwa kujizuia. Koko hakumjali. Alichukua mkono wangu, akauweka kati ya mikono yake yenye sugu za jembe, na sauti yake ikawa ndogo. "Kilima yangu ninaionaka asubui, ku mulango ya jikoni, wakati ninawasha moto. Ulienda kwangu, mujukuu wangu, mais haukufika kwangu."

Angenifokea ningepona haraka. Ule upole ndio ulionikalia moyoni. Siku hiyo nilirudi Butembo, na sikuitundika kamera shingoni.

Nilipopata filamu nyingine nikapanda tena. Safari hii sikwenda kanisani. Nilimtafuta Masika, jirani aliyeachiwa ufunguo, nikamwomba anionyeshe kigoda cha Koko kilikuwa kinakaa wapi, na moto aliuwasha upande gani. Aliniona nimechanganyikiwa kidogo, lakini alinionyesha. Alfajiri nikawasha moto mimi mwenyewe, vibaya, moshi ukanitoa machozi, nikaketi mahali pake. Pale chini, mwanangu, kilima hakionekani chote. Mlango unakikata. Unaona miimo yake, myeusi kwa masizi, na katikati unaona kipande tu: njia inayoshuka, mistari ya maharage, na mgongo wa kilima ukipotea kwenye ukungu.

Kila kitu kilikuwa cha kijivu. Nilitaka kuirudisha kamera kwenye mfuko, nikisema leo hakuna mwanga. Nikajizuia kwa sababu ya yale maneno yake, nikangoja. Ukungu ukaanza kuachana kuanzia chini. Mwanga ukaingia kwa ubavu, taratibu, ukagusa jani la haragwe moja, kisha mstari mzima, na jani lile nikaliona na upande wake wenye kivuli. Masika akapita njiani na kikapu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, ameinama, ana mambo yake, wala hanitazami. Jana yake nilikuwa nimemwomba ruhusa, na alishasahau. Nikaegemeza mgongo ukutani, viwiko magotini, nikabana pumzi ili nisitikisike, nikapiga.

Niliteremka Beni na picha ile ikiwa ndani ya kitabu ili isikunjike. Koko alikuwa pale pale barabarani, mzigo magotini, baba mdogo na mkewe kando yake, na joto la mchana lilikuwa limetukalia sote. Nilimpa. Kuogopa kule sijawahi kuogopa hata kwenye mtihani.

Alitazama muda mrefu. Kidole chake kikapita juu ya mwimo wa mlango, kikashuka na njia.

"Masika anaenda shamba," akasema. "Leo amechelewa."

Halafu akajikunyata, akavuta kitenge chake mabegani.

"Mufunge mulango. Baridi iko naingia."

Jasho lilikuwa linatutiririka. Koko akaweka mzigo chini, akaanza kuhangaika na lile fundo. Baba mdogo akainama amsaidie, akapigwa kofi mkononi. Akafungua mwenyewe. Akatoa sweta lake zito, akalivaa, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, katika joto lile la Beni, akakaa ametulia na picha yake magotini. Nguo nyingine akampa mke wa baba mdogo azitundike. Baba mdogo alikwenda nyuma ya nyumba, na tulisikia analia. Siku iliyofuata Koko hakwenda barabarani. Aliomba apewe maharage achambue, na mchana alikula, akaomba aongezwe.

Jiko lile lilishaanguka zamani, na Koko alishatutoka, akiwa mzee wa Mulekera anayejulikana na kila mtu. Picha ninayo mimi hapa Butembo. Pembeni ni nyeusi, na katika kazi yangu hii ya picha mteja wa harusi angenirudishia. Kwangu ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga maishani.

Sasa sikiliza ninalotaka kukuambia, nawe nisamehe nikirefusha. Simu yako imejaa sura yako mwenyewe, umeisafisha mpaka hata mama yako akutafute. Piga, ujana una haki yake. Lakini kabla hujapiga mahali pa mtu, muulize anapaonaje, saa ngapi, ameketi wapi, na ukubali kuketi hapo. Amka kabla ya jua kuwa kali. Muombe mtu ruhusa, kisha mpe muda akusahau. Usilifute kunjo hata moja kwenye uso wa mama yako, maana siku moja utalitafuta. Na usingoje. Nimekaa na vijana waliotoka upande wa Eringeti kwa haraka wakikimbia vita, na nguo walizovaa na simu mkononi. Mmoja alinionyesha picha zake zote, moja baada ya nyingine, akitafuta mlango wa nyumba ya mama yake. Haukuwamo. Nilimshika mkono, kama Koko alivyonishika.

Wewe bado unao. Mungu akulinde barabarani, mwanangu, akupe macho yenye subira, akutunzie wa kwenu wote. Na ukipelekwa mbali, kwa heri au kwa shari, uwe na mlango wa kwenu wa kuutazama, uhisi baridi yake. Nenda sasa. Mama yako anawasha moto, na jua halijawa kali.