Madirisha ya Ukumbi wa Adinani

Karibu na stendi ya Mbinga, Adinani ana ukumbi wenye meza mbili za pool, na mtu wa kuzisafisha kila asubuhi ni Vitalia. Kazi yenyewe si ngumu. Adinani alimwelekeza tangu siku ya kwanza: fungua madirisha yote, jifunge kitambaa puani, pitisha brashi laini taratibu, upande mmoja tu, halafu vumbi la chaki lizoe kwa kitambaa kibichi. "Usiipige meza, dada Vitalia. Ukiipiga, vumbi lote unalila wewe."

Maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile. Kwani Vitalia aliogopa vumbi? Aliogopa macho ya watu. Nje ya ukumbi ndipo wenzake wa jumuiya wanapopita kwenda misa ya asubuhi, na wote aliwaambia anafagia ofisi ya chama cha kahawa. Mama mzima, mwimbaji wa kwaya, aonekane anahangaika na chupa za bia na majivu ya sigara? Thubutu! Akafunga madirisha, akakomea na mlango, akavua kanga ya begani na kuichapa ile meza kama anakung'uta mkeka wa kuanikia kahawa. Kwenye vitundu vya pembeni, brashi isikofika, alipuliza kwa mdomo. Vumbi la buluu likajaa chumba kizima, naye yumo humo humo, anaimba kwa sauti ya chini.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo, kikagoma kuondoka. Jumamosi moja, jumuiya ilipokutana nyumbani kwa mwenyekiti wao, Mama Notburga, kilimshika katikati ya sala.

"Vitalia mwanangu, kifua hicho umekitoa wapi?" Mama Notburga akauliza.

Hapo ndipo Vitalia alipoharibu. Pembeni yake alikaa wifi yake Getrude, fundi cherehani aliyepanda kutoka Lituhi, kule ziwani, kuja kutafuta wateja, akafikia kwake. Alikuja na mafua ya safari, yakaisha zamani. Lakini Vitalia akajibu upesi, "Si wifi huyu, mama. Kaja nacho kutoka ziwani."

Getrude akamgeukia, haamini masikio yake.

Baada ya sala huzungushwa togwa, kata moja kwa watu wote, mkono kwa mkono. Mkutano uliofuata, kata ilipofika kwa Getrude ikamruka. Yeye aliletewa kikombe cha bati, peke yake, na alipomaliza hakuna aliyekigusa, akakiosha mwenyewe. Kina mama waliompa vitambaa vya kushona wakaja kuvichukua, huyu kwa kisingizio hiki, yule kwa kile. Cherehani ikanyamaza. Getrude akaanza kusema habari za kurudi Lituhi. Vitalia aliyaona yote hayo, uso unamwaka kwa aibu, na mdomo kaufumba. Jamani! Neno moja tu lingetosha. Ila neno lenyewe lilikuwa linamtaja na yeye.

Na aliyempeleka kituo cha afya ni Getrude huyo huyo, kamshika mkono. Wakapimwa makohozi wote wawili, hawana kifua kikuu. Daktari akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Vitalia akaangalia sakafu, halafu akaeleza: meza, chaki, kanga, madirisha.

"Unayafunga ya nini?"

"Nisionekane."

Daktari akatikisa kichwa. Akamwambia afungue madirisha, aache kupiga na kupuliza, avae barakoa, arudi kifua kisipotulia.

Getrude alisubiri mpaka walipofika barabarani. "Wifi, ulijua tangu lini kwamba si mimi?"

"Kohozi lilikuwa linatoka la buluu," Vitalia akajibu. "Tangu mwanzo."

Mkutano uliofuata, kata ilipomfikia, Vitalia hakunywa. Alisimama. "Wenzangu, mimi nasafisha meza za pool kwa Adinani. Habari za ofisi nilidanganya. Kifua changu ni vumbi, nilijifungia nalo ili msinione. Wifi hana ugonjwa wowote. Nilimsingizia."

"He!" Mama Notburga akashangaa. "Kwani kwa Adinani kuna nini? Mwanangu Edmund anashinda huko huko kwenye pool. Tungekusalimia tu tukapita zetu."

Afadhali wangemzomea. Vitalia akapiga magoti mbele ya wifi yake, akamnyooshea kata kwa mikono miwili.

Getrude alikuwa na kikombe chake cha bati mapajani. "Kunywa tu, wifi," akasema kwa upole. "Mimi hiki nimeshakizoea."

Akanywa yote, akainuka, akatoka kwenda kukiosha. Vitalia akabaki pale chini na kata yake, watu wote wanamtazama, na hapakuwa na dirisha la kufunga.