Upanga wa Kijapani Kiwandani kwa Baba Tumpe

Siku upanga ule ulipoingia kwetu nilikuwa nachoma vyungu ufukweni. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Upepo ulikuwa umetulia, nasi wanawake wa Kikisi hatuchomi vyungu penye upepo, kwa hiyo tulikuwa wengi pale Matema, kila mmoja na rundo lake la matete na nyasi kavu, tukitaniana ndani ya moshi. Nyuma yetu, chini ya mlima, mume wangu alikuwa anafua majembe. Niliijua nyundo yake bila kugeuka: pigo moja zito, mawili mepesi, kisha kimya cha kugeuza chuma.

Jina lake Chaula, lakini tangu tumpate binti yetu nilimwita Baba Tumpe. Alikuwa Mkinga, mtoto wa wahunzi na mjukuu wa wahunzi. Alishuka kutoka milimani kuuza majembe, akanikuta nauza vyungu. Ndugu zangu walimcheka sana kwa kuogopa maji. Miaka yote tuliyoishi kando ya ziwa hakupanda mtumbwi bila kufumba macho, na mimi nilimcheka kuliko wote.

Wahunzi wa ukoo wao walikuwa na desturi moja. Kazi ikiisha, mhunzi hupiga fuawe tupu mapigo matatu ya polepole, bila chuma juu yake. Ndivyo alivyomwita mwenye kazi aje achukue chake. Kijiji kizima kiliujua mlio huo. Ukisikika, watu walisema jembe la fulani liko tayari, na huyo fulani alinawa mikono akaja. Baba Tumpe hakuweza kula kabla hajapiga. Ugali wangu umepoa mara nyingi kwa ajili ya mapigo hayo.

Mwenye upanga alikuwa Mjerumani aliyesimamia bandari ya Mwaya. Sisi tulimwita Bwana, basi. Ujanani alifanya kazi melini, akafika hadi nchi ya Wajapani, na huko ndiko alikoununua. Alikuja nao umefungwa katika kitambaa laini, akaufungua mbele ya kiwanda taratibu sana, kama mama anayemfunua mtoto mgonjwa. Niliacha vyungu vyangu nikasogea kutazama.

Ulikuwa mfupi, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole na kidogo zaidi. Bapa lake lilipinda kidogo tu. Kando ya makali ulipita mstari mweupe wenye mawimbi, na mstari huo haukuchorwa. Ulitokana na moto na maji. Baba Tumpe aliuelekeza kwenye mwanga, akaugeuza, akaugeuza tena. Sikumwona akinitazama mimi hivyo hata siku ya harusi, nikamwambia, na Bwana akacheka.

Kati ya bapa na mpini kulikuwa na kikingio cha mkono, kipande cha chuma cha mviringo kilichotobolewa kwa patasi ndogo mpaka likabaki umbo la matete yanayoinama. Mpini wenyewe ulivishwa ngozi ya samaki wa baharini, nyeupe, yenye chembe ngumu kama mtama. Juu ya ngozi hiyo ilizungushwa kamba bapa ya hariri iliyopishana huku na huku, ikiacha vidirisha vya ngozi vilivyolingana. Na chini ya kamba, kila upande, alikaa kaa mdogo wa shaba aliyepakwa dhahabu, miguu yote ikihesabika. Bwana alisema kaa wale hawakuwekwa kwa urembo peke yake; walijaza kiganja ili mkono usiteleze.

Ila unyevu wa ziwa letu na mende wa Mwaya walikuwa wameuharibu. Hariri ilikuwa imelika. Kaa mmoja alikuwa amepotea. Ala ilikuwa imepasuka na rangi yake nyeusi inabanduka. Baba Tumpe alipoutikisa, bapa lilicheza ndani ya mpini. Akatafuta msumari unaolishika, asiuone. Bwana akamwonyesha: kijiti kimoja cha mwanzi, kimepita katika tundu la mpini na la msuka, ule mkia wa bapa unaoingia mpinini, basi. Kitu chote kile kilishikwa na mwanzi. Waliposukuma kijiti nje na kuuvua mpini, msuka ukaonekana, mweusi kwa kutu ya zamani, na juu yake maandishi yaliyochongwa. Lilikuwa jina la mhunzi aliyeufua.

"Ameliandika ndani, ambako hakuna mtu atakayeliona," Baba Tumpe alisema.

"Fundi mwenzake ataliona," Bwana akajibu. "Kutu hiyo usiiguse."

Kazi ilianza kwa furaha. Kamba niliisuka mimi, kwa sababu hariri hatukuwa nayo. Nilichukua nyuzi zile za kusukia nyavu, nikazichambua mpaka zikawa nyembamba, nikazitia rangi kwa tope jeusi na magome, nikasuka ugwe bapa. Wa kwanza aliukataa. Wa pili aliukataa. Nilimwambia akasuke mwenyewe, tukanuniana siku nzima, kisha nikasuka wa tatu.

Kisha vita ikaja.

Ilianza ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga, walikokuwa Waingereza. Askari walipita na bunduki, na nyuma ya askari walipita watu wetu na mizigo vichwani, wale walioitwa tengatenga. Mwanzoni walichukuliwa vijana wa huku na huku, wakarudi baadhi. Waliorudi walikuwa na vidonda mabegani na hawakupenda kusimulia. Baada ya hapo ikawa kila safari jumbe wetu, mkuu wa kijiji, anatakiwa kutoa watu, asipotoa anachapwa yeye. Alimtoa hata mwanawe wa kwanza, kijana mpole aliyekuwa akinisaidia kubeba udongo. Hakurudi.

Bwana alikuja amevaa nguo za kijeshi. Alisema Wajapani nao sasa ni adui zake, lakini upanga hauna kosa. Akasema mbele ya jumbe, mbele ya askari, kila mtu akisikia: "Fundi huyu hachukuliwi mpaka amalize kazi yangu."

Usiku ule furaha ilininyima usingizi. Nilielewa, kabla ya mume wangu kuelewa, kwamba tumepewa mlango wa kutokea.

"Usimalize," nilimwambia asubuhi.

"Kazi haiwezi kukaa bila kuisha, Mama Tumpe."

"Yangu inakaa. Mteja akija, namwambia chungu bado kibichi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Nilimtukana kidogo, kisha nikamwekea Tumpe mapajani. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Baba yake akamtazama muda mrefu, akasema sawa.

Ndivyo tulivyoishi, kwa kazi isiyoisha. Alichonga kaa mpya kutoka ganda la risasi aliloliokota njiani, akachonga mwingine, akasema miguu ya nyuma haijakaa. Alipaka ala utomvu mweusi, akausugua wote, akapaka tena. Jumbe alikuja mara kwa mara kuuliza. Alikuwa Mnyakyusa, mzee wa heshima, na tangu mwanawe aondoke alikuwa amekonda.

"Ugonile, fundi. Bado?"

"Bado, tata. Rangi haijakauka."

"Haya. Ndaga."

Akashukuru hivyo kwa Kinyakyusa, akaondoka na fimbo yake, nami nikacheka moyoni kwamba tumemdanganya. Kaa alikuwa tayari siku nyingi. Ala ilikuwa kavu, unajiona uso ndani yake. Kilichobaki ni kuzungusha kamba na kutia kijiti, na hilo nilimkataza.

Majirani walijua. Sidhani kama kuna mwanamke Matema ambaye hakujua. Ufukweni utani ulikuwa umekwisha. Mwenzangu mmoja ambaye mumewe alichukuliwa alihamisha vyungu vyake akawa anachomea mbali na mimi. Sikumlaumu. Mimi nilikuwa na mume, na nilishika nilichokuwa nacho.

Siku ile nilikuwa nakanda udongo. Jua lilikuwa juu. Kiwandani kulikuwa kimya tangu asubuhi.

Nikasikia pigo moja.

Nikajiambia jembe.

La pili likaja, polepole.

Nilisimama na udongo mikononi. Wanawake wote walikuwa wameinua vichwa. La tatu lililia likaenda mpaka mlimani likarudi.

Nilikimbia. Alikuwa amekaa mbele ya fuawe, nyundo mkononi, upanga juu ya magoti. Kamba ilikuwa imezungushwa, vidirisha vyote sawasawa, kaa wawili wakiwa mahali pao. Kijiti kipya cha mwanzi, mwanzi wa kwao milimani, kilikuwa kimeingia na kukatwa usawa wa mpini. Aliutikisa, wala haukucheza.

"Umepiga," nilisema.

Aliitazama nyundo. "Nimepiga?"

"Matema nzima imesikia."

Nikamwambia tukimbie, tupande Ukinga kwa ndugu zake, sasa hivi. Akasema tukikimbia na upanga watachoma kijiji, na tukiuacha watamchukua jumbe. Nikasema wachome. Akasema, "Mama Tumpe," basi, kwa sauti ya kunyamazisha mtoto.

Askari walikuja jua halijashuka. Jumbe alikuwa mbele yao.

Bwana alikuja baadaye kidogo. Aliuchomoa upanga, akautazama upande huu na upande huu, akapitisha kidole juu ya kaa, akashindwa kutambua yupi wa zamani. Alimshika mume wangu bega. Macho yake yalikuwa na machozi, na yalikuwa ya kweli, nayasema kwa sababu niliyaona. Kisha akasema safari ni kesho, na fundi mzuri atahitajika njiani. Ahadi yake aliitimiza neno kwa neno.

Mume wangu aliondoka na sanduku la Bwana kichwani. Alimbusu Tumpe, akaniambia nisiuze majembe yaliyobaki kwa bei ya hasira. Nilisimama njiani mpaka vumbi lao la mwisho likatulia.

Zikapita mvua na mvua. Waingereza walivuka Songwe, Wajerumani wakarudi nyuma wakipanda milimani, na mizinga ikanyamaza upande wetu. Bendera ikabadilishwa. Watu walianza kurudi mmoja mmoja, wamebaki macho na mifupa. Kila aliyepita nilimwuliza. Kwa mila yetu sikuweza hata kulia vizuri. Msiba hauketiwi bila mtu aliyeona.

Aliyeona alikuwa Ambakisye, jirani yetu. Alifika akitembelea mkongojo, akakaa nje kwangu, akakataa maji mpaka aseme.

Alisema ilikuwa huko juu milimani, kwenye baridi, mvua ikinyesha bila kukatika. Baba Tumpe alikuwa amekohoa kwa siku nyingi. Bwana alikuwa akitupa masanduku njiani ili waende upesi, akatupa nguo, akatupa vitabu, lakini upanga aliufunga kiunoni. Asubuhi moja Baba Tumpe hakuinuka. Bwana alisimama, akamfunika kwa blanketi lake mwenyewe, akaamuru watu waende. Ambakisye alijichelewesha nyuma. Alimkuta mume wangu anaongea Kikinga, akiwasemesha watu wa kwao. Alipokata roho, akamfumba macho, akamwekea mawe kwa haraka, akakimbia kuwafuata wenzake ili asipigwe risasi.

"Aliteseka?" nilimwuliza.

"Ndiyo, dada," akasema. Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Sasa tukaweza kukaa msiba. Wakinga walishuka, Wakisi wakaja, hata yule mwenzangu aliyehamisha vyungu alikuja akanikumbatia shingoni tukalia wote wawili, maana wa kwake pia hakurudi. Na siku moja ya msiba alikuja jumbe.

Niliwahi kuapa kwamba mzee yule hatakanyaga kwangu. Kila asubuhi tangu mume wangu aondoke nilimkumbuka akitembea mbele ya askari, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyoniinua kitandani, nikakanda udongo, nikalisha mtoto. Nilimchukia kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi.

Alikaa chini, mkekani, si kwenye kigoda alichopewa.

"Mwanangu," alisema, "ile rangi ilikuwa imekauka zamani."

Akaiweka fimbo yake chini.

"Nilijua tangu mwanzo. Nimeishi na wahunzi. Kila nilipokuja nilisema moyoni, huyu mmoja asalie, nimetoa wa kutosha, nimetoa hata wangu. Kama angekaa kimya ningekaa kimya mpaka mwisho. Lakini alipopiga fuawe kila mtu alisikia. Wenye watoto waliochukuliwa walitoka nje, wakasimama mlangoni kwangu. Walinitazama tu. Ningewaambia nini?"

Alilia kwa sauti ya kizee, bila kujificha, nami nikamwachia alie. Kisha akaaga, akaenda zake.

Sasa ni mzee mimi pia. Nakaa kwa Tumpe, ambaye hamkumbuki baba yake hata kidogo. Sijui kama Baba Tumpe alisahau siku ile, mkono ukaenda wenyewe kwa mazoea ya ukoo, au kama alishindwa kuvumilia kazi nzuri namna ile ikae bila kuitwa. Alisema "nimepiga?" na mimi nilimwamini, kisha miaka mingine sikumwamini. Najua tu kwamba jumbe alipoondoka mkekani aliondoka na chuki yangu yote. Nilitafuta mtu mwingine wa kumchukia. Amebaki mume wangu peke yake, na huyo nilimpenda.