Ribiti Tatu za Mzee Suleiman

Siku niliyopasua sketi ya gari la watu pale Tabata naikumbuka vizuri, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikusikia ukimwambia yule mama mwenye gari jekundu akae pembeni akuache ufanye kazi. Sikutaka kukuaibisha mbele ya mteja. Ila nilishtuka, maana maneno yale yale niliwahi kuyasema mimi kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, msichana peke yangu kwenye gereji ya Fundi Obadia, nimetoka chuo cha ufundi kichwa kimejaa. Udadisi nilikuwa nao, usinione hivi. Nikiona kitu kimeshikamana, lazima nijue kimeshikwa na nini: redio, kitasa, hata kisigino cha kiatu changu nilikibandua siku nimekinunua. Mama alinipigia kelele wiki nzima.

Basi Jumatatu moja akaja Mzee Suleiman, mwenye duka la vyombo kule Temeke, kavaa kanzu na baragashia, anaendesha gari la spoti la milango miwili, limelala chini kabisa. Nilicheka kimoyomoyo. Nilijiuliza mzee kama huyu kalipatia wapi gari la vijana, lakini kumwuliza sikumwuliza. Shida yake ilikuwa rangi ya ubavuni iliyobabuka, na Jumamosi gari hilo ndilo lingempeleka binti yake ukumbini siku ya harusi yake.

Ili rangi ipigwe, ilibidi kwanza nitoe sketi, ile plastiki ndefu inayofunika ubavu wa gari chini ya mlango. Nilijua inashikwa na vibanio vya ndani. Unaisukuma mbele kidogo, vibanio vinaachia, unaipokea mkononi. Mzee akasogea. "Binti, hiyo sketi mimi nili..."

"Mzee wangu, wewe kapumzike pale kwenye benchi. Mie hii kazi naijua."

Akaenda akakaa. Nikasukuma, ikagoma. Nikachomeka bisibisi nikavuta kwa nguvu zangu zote, ikalia paa, ufa ukapita toka ukingo mmoja hadi wa pili. Nilipojilaza chini kutazama, nikaona vichwa vitatu vya ribiti, zile pini za chuma zinazogongwa zisitoke tena, vimepakwa rangi nyeusi visionekane. Kiwandani hazikuwekwa hizo.

Fundi Obadia alikuja polepole, akachungulia, akaniuliza jambo moja tu: "Ulimwuliza mwenyewe?"

Nikatikisa kichwa. Fundi akampa mzee pole, kisha akamwomba atueleze. Ndipo nikaujua mkasa wa gari ambalo nilidhani nalijua. Wezi waliwahi kung'oa sketi zile mara mbili, mzee akachoka, akaazima drili, akalala chini ya gari amevaa msuli wake, akazipiga ribiti mwenyewe. Aliyemshikia tochi alikuwa binti yake, akiwa bado wa shule ya msingi. Ndiyo maana harusi ilipofika, binti akasema gari lingine hapandi.

Nilitamani ardhi inimeze. Fundi akazunguka maduka ya spea siku mbili, sketi ya namna ile haikupatikana. Tukaiunga kwa faiba kwa nyuma, tukapiga puti ya kusawazisha ufa, kisha rangi. Asiyejua asingeuona ufa, ila mimi niliuona, na mzee aliuona. Sketi ya upande wa pili tuliifungua pamoja, yeye akinielekeza ribiti ipi ianze, ikatoka nzima.

Ijumaa alipokuja kuchukua gari nilimpigia magoti kumwomba radhi. Akaniinua. "Plastiki si kitu, binti yangu," akasema. "Kilichoniuma ni kukalishwa benchi kwenye gari langu mwenyewe."

Miaka yote hii, mwanangu, maneno hayo bado yananichoma.

Nawe nakupa nilichokipata. Siku hizi unatazama kwenye simu jinsi ya kufungua kila gari duniani, na ni jambo zuri, endelea. Lakini simu itakuonyesha gari lilivyotoka kiwandani. Walichokiongeza watu wanaoishi nalo, wanakijua wao tu. Mimi nilikuwa mdadisi wa vitu, watu nikawasahau, na hilo ndilo kosa langu. Kabla hujashika bisibisi, mwulize mwenye gari amekaa nalo vipi, kisha nyamaza amalize, hata akianzia mbali. Na utakapooa, ukaingia kwenye ukoo wa watu wenye mambo yao ya siku nyingi, fanya vivyo hivyo.

Yule mama wa jana mpigie simu leo, umwulize alitaka kukuambia nini.

Mungu akujalie mkono mwepesi na subira ya kusikiliza, na kila atakayekuletea gari lake aondoke akijihesabu mwenye gari. Amina.